Asobu si Kucheza Tu

Wiki zangu za mwanzo kazini hapa Osaka, mwenzangu mmoja, mama wa makamo, aliniambia: "Asobi ni kite kudasai." Kitabu changu cha Kijapani, kilichoandikwa kwa Kiingereza, kilikuwa kimenifundisha kwamba asobu, kitenzi kinachozaa asobi, ni kucheza. Nikarudi nyumbani nikiwaza: mtu mzima huyu ananialika tukacheze nini? Kumbe alisema yale yale ambayo mama yangu kule Tanga humwambia kila mgeni anayeaga: karibu tena, uje kututembelea.

Tangu siku hiyo nikaanza kulipima neno hili kwa Kiswahili. Watoto wakiwa bustanini, "kōen de asobu", hapo ni kucheza kama kwetu. Lakini mzee wa miaka sitini naye husema "tomodachi to asonda", yaani alikuwa na rafiki zake: wamekula, wamezungumza, wamezurura mjini. Nyumbani, mtu mzima akisema amecheza na rafiki yake, ataulizwa: bao au karata?

Kwenye ala za muziki, Kiingereza kilinipoteza kabisa. Kwa kuwa chenyewe hutumia play kwa mchezo na kwa gitaa pia, nilisema "gitā o asobu", nikasahihishwa. Gitaa na piano ni hiku, filimbi ni fuku, ngoma ni tataku. Na sisi je? Gitaa tunapiga, filimbi tunapuliza, ngoma tunapiga. Ukisema unacheza ngoma, wewe uko uwanjani unakata kiuno. Tataku ni kupiga, fuku ni kupuliza. Jibu nilikuwa nalo tangu utotoni! Mpira ndio tofauti: sisi tunaucheza, Wajapani husema "sakkā o suru", wanaufanya.

Hata gereji lugha hizi mbili zinakutana. Ile nafasi ndogo ya usukani kuzunguka kabla magurudumu hayajageuka, Wajapani huiita asobi. Kwetu jino lililolegea linacheza, na msumari uliolegea unacheza. Ila ardhi isiyotumika, kwao "asonde iru", inacheza, kwetu imelala.

Ndugu yangu unayejifunza Kijapani, usikubali Kiingereza kisimame katikati kama dalali. Chukua daftari, andika sentensi ya Kijapani, na chini yake iandike kama ambavyo ungeisema nyumbani kwenu. Kiswahili kinatosha kukufikisha.