Nukta Katika Ramani

Mali bila daftari, wahenga walisema, hupotea bila habari. Neno hili lilisemwa kwa ajili ya wafanyao biashara, lakini naona kuwa lafaa pia kwa ardhi ichimbwayo. Mimi hufundisha Jiografia katika sehemu za Macalder, kaunti ya Migori. Mgodi mkubwa wa hapo ulifungwa katika miaka ya 1960, lakini watu hawakuacha kutafuta dhahabu. Huitafuta mpaka leo kwa sururu, nyundo na karai, na katika madarasa yangu hawakosi watoto ambao karo yao hutoka shimoni. Mashimo ni mengi. Mengine yameachwa, nyasi zimeota kandokando, maji ya mvua yameyajaza, na mpita njia aweza kudhani kuwa mbele yake pana kidimbwi tu. Mali hiyo na hatari hiyo zina daftari gani?

Siku hizi daftari lake laweza kuwa simu ya mkononi. Simu hupokea ishara za setilaiti zinazoizunguka dunia kwa kimo cha kilomita 20,000 na zaidi. Ikipata ishara za setilaiti nne hukokotoa mahali ilipo, na penye uwazi hukosea kwa mita chache tu. Kazi hiyo haihitaji mtandao wa simu. Mtu aweza kutia nukta akiwa porini, akaandika majibu ya maswali yake, akapiga picha, akaviweka vyote, na kuvipeleka afikapo mjini. Programu moja ya namna hii, iitwayo ODK, ilianza kutengenezwa mwaka 2008 na hutumiwa bila malipo. Kazi ambayo zamani ilikuwa ya wapima ardhi wenye vyombo vya thamani kubwa imefika mikononi mwa wenyeji.

Mfano ulio bora wa kazi hii uko mashariki ya Kongo, kwa jirani zetu wasemao Kiswahili kama sisi. Tangu mwaka 2009 taasisi ya utafiti iitwayo IPIS, yenye makao yake Antwerp, Ubelgiji, pamoja na wenzake wa Kongo, imekuwa ikichora ramani ya machimbo madogo ya huko. Machimbo zaidi ya 2,000 yamefikiwa, na katika kila moja maswali huulizwa: Yachimbwa madini gani? Wachimbaji ni wangapi? Je, wako watu wenye silaha, nao hutoza ushuru? Mzigo huuzwa wapi? Kwa njia hiyo ilidhihirika kwamba wengi wa wachimbaji walikuwa katika dhahabu, ijapokuwa ulimwengu ulisema sana juu ya bati na koltani. Ukweli huo haukupatikana ofisini; ulifuatwa kwa miguu.

Serikali ya Kongo nayo huyapa machimbo yaliyokaguliwa rangi tatu: kijani, manjano na nyekundu. Kijani hufungua njia ya soko la halali, nyekundu huifunga. Basi rangi ya nukta moja yaweza kuamua kama chungu kitapanda mekoni jioni au hakitapanda. Kazi yenye uzito kama huo haitaki mtu wa kubahatisha.

Kwetu Kenya, Sheria ya Madini ya mwaka 2016 iliwatambua wachimbaji wadogo, ikaruhusu wapewe vibali, na kuagiza kamati yao katika kaunti. Lakini kibali hutolewa kwa mahali panapojulikana. Asiyekuwamo katika ramani ni mgeni juu ya ardhi anayoichimba.

Jumamosi moja, kwa idhini ya wazee na wachimbaji, nilifuatana na wanafunzi wachache wa kidato cha tatu tukaandike mashimo yaliyoachwa. Mama mmoja aliyekuwa akiponda mawe aliacha nyundo yake akaniuliza, "Mwalimu, nukta hiyo ni ya kunilinda au ya kunifukuza?" Nilimjibu kwamba ilikuwa ya shimo lisilo na mwenyewe, ili watoto wa shule wasilipitie gizani. Alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Basi njooni, liko jingine msilolijua." Akatuongoza hadi nyuma ya kichaka, hatua chache kutoka njia ya mtoni. Shimo lilikuwa pale, limefunikwa na majani. Bila yeye hatungaliliona.

Swali la mama yule lilikuwa la haki. Nukta ile ile yaweza kumwonyesha mkaguzi wa afya mahali zebaki inapochomwa, na yaweza kumwonyesha mnyang'anyi mahali penye dhahabu. Tena, ishara za setilaiti haziingii ardhini. Simu hujua kinywa cha shimo, haijui tumbo lake. Maji yanayochuruzika chini, magogo yaliyooza yanayoshikilia kuta, mtoto aliyetumwa kubeba mawe: hayo huyajua mchimbaji peke yake. Tena huyajua kwa siku ile tu. Septemba 2020, huko Kamituga, Kivu ya Kusini, mvua kubwa ilifurika katika mashimo ya dhahabu, na watu wapatao 50 wakafa. Mahali palijulikana tangu zamani. Kilichohitajika ni habari za saa ile na sikio la kuzisikia.

Vijana wasomaji, wengi wenu mtashika vyombo hivi, na baadhi yenu mtalipwa kwa kuvishika. Kabla ya kutia nukta, ombeni ruhusa na mseme ni ya nini. Baada ya kuitia, rudini mkaitazame tena, maana wachimbaji huhama wakiufuata mshipa wa dhahabu, na ramani isiyorudiwa husema uongo. Mwisho, ramani ikikamilika, ipelekeni kwanza kwa wale waliowapa habari, wasije wakawa watu wa mwisho kuiona.