Dakika 45 na Wifi Yangu

Ukitaka kumjua wifi yako, mwenzangu, panda naye basi kutoka Paris hadi Lucerne, Uswisi. Ni zaidi ya kilomita 600, na wenzetu hawakimbizi mabasi. Kwenye barabara kuu za Ufaransa mwisho wake ni kilomita 100 kwa saa. Basi unakaa. Unatazama mashamba, unatazama ng'ombe weupe wa Burgundy, unamtazama aliye pembeni yako.

Kutoka kikundi chetu cha upatu tulikuwa 14, wengine watalii wa nchi nyingine. Kiongozi wa msafara alikuwa akitubadilisha viti kila asubuhi ili watu wazoeane, na siku ya nne akanikalisha na wifi. Hakujua. Mimi na wifi tulikuwa hatusemeshani miaka miwili, tangu msiba wa mume wangu. Marehemu alikuwa dereva wa basi, Dar–Mwanza. Alirudi usiku, akajilaza kidogo, alfajiri tajiri akapiga simu: mwenzako anaumwa, rudi njiani. Hakufika. Na pale msibani, mbele ya kina mama wote, wifi akaniuliza, "Ulimwachaje aondoke hajalala?" Jamani, maneno yale nililala nayo.

Kwa hiyo masaa matatu na zaidi ilikuwa "samahani" na "asante" tu, kama watu wa kwenye daladala.

Karibu na Beaune tukasimama. Watu wakala, wakaenda chooni, wakanywa kahawa (kikombe chenyewe kama cha dawa ya kikohozi!), wakarudi mbio maana walitaka kuwahi kupiga picha lile daraja la mbao la Lucerne kabla ya giza. Dereva kakaa zake kwenye benchi, anavuta sigara. Minong'ono ikaanza. Kiongozi akaeleza: kwa sheria za Ulaya, dereva akifikisha masaa manne na nusu ya kuendesha lazima awe amepumzika dakika 45, na kwa siku kwa kawaida hazidishi masaa tisa ya usukani. Kadi yake imechomekwa kwenye kimashine ndani ya basi, kinaandika kila kitu.

Wifi akanigusa. "Muulize, tajiri akimlazimisha?"

Nikauliza. Akajibu kwamba polisi wakisimamisha basi wanakisoma kimashine, na faini inaweza kumfika tajiri mwenyewe.

Wifi kimya. Tukaondoka, kageukia dirishani mpaka tukaipita Besançon.

"Siku ile alilala masaa mangapi?"

"Matatu."

"Ukamwambiaje?"

"Nilimwambia asiende. Akasema akikataa, gari atapewa mwingine."

"Mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza, wifi. Ulinihukumu."

Akafungua mkoba, akatoa kitenge, akatufunika magoti sote wawili. Kiyoyozi kilikuwa kikali. Sikumsamehe yote palepale, nisiwadanganye. Ila kutoka Mulhouse mpaka mpakani Basel alinisimulia kaka yake alivyokuwa mtoto, ameshika mfuniko wa sufuria kama usukani, anapiga honi kwa mdomo, na yeye wifi ndiye abiria, kila siku analipishwa nauli ya majani ya mwembe.

Tulifika Lucerne jioni. Dereva akachomoa kadi yake. Wifi akampa pakiti ya korosho aliyoibana tangu Dar, ambayo hata mimi hakunionjesha.