Wali wa Wachezaji

Muhula huu hakuna neno lililogombanisha bwalo letu kama wali wa wachezaji. Timu yetu ya mpira iendapo kucheza mbali hurudi usiku, na wali uliopikwa adhuhuri huwangoja sufuriani, umefunikwa, u vuguvugu. Nami ni kiranja wa chakula, hivyo naulizwa mimi: je, haudhuru? Wengi hujijibu wenyewe, "Na upashwe moto sana, vijidudu vitakufa."

Basi yafaa nieleze tuliyofundishwa katika Biolojia. Iko bakteria iitwayo Bacillus cereus, ikaayo udongoni na hata katika mchele mkavu. Hiyo hujifunga ndani ya gamba gumu, ikawa kama mbegu isiyokufa kwa kuchemshwa. Wali upoapo, mbegu huamka na kuzaana. Tukikadiria kwamba kila moja huwa mbili kwa dakika 30, moja ya saa saba mchana huwa 65,536 ifikapo saa tatu usiku.

Huhesabiwaje, nazo hazionekani kwa macho? Gramu 1 ya wali husagwa katika mililita 9 za maji yasiyo na vijidudu. Mililita 1 ya hayo hutiwa katika mililita 9 nyingine, na hivyo hivyo mpaka mara nne. Mililita 1 ya mwisho huchanganywa sahanini na agari, ute utokao katika mwani. (Aliyeshauri utumike maabarani, mwaka 1881, ni Fanny Hesse, aliyeujua kwa mapishi yake nyumbani!) Kesho yake kila bakteria imekuwa doa. Madoa 40 maana yake ni bakteria 400,000 katika gramu moja. Wapimaji huona hatari zikipita 100,000.

Lakini hesabu peke yake haitoshi, na hapo ndipo wenzangu waliponyamaza. Bakteria hiyo huweza kuacha sumu katika wali, nayo haiharibiki kwa moto wa jikoni. Ukiupasha unawaua wapishi wa sumu, na sumu yenyewe unaila. Kutapika huanza kati ya nusu saa na saa sita.

Nilimwendea mpishi wetu, nikamwamkia, nikamweleza yote. Akanisikiliza mpaka mwisho. "Marahaba ya pili, mwanangu," akasema. "Lakini wali wa pili wataka kuni za pili. Nani atazileta?"

Swali lake ni la haki. Tumemwandikia Mwalimu Mkuu kuomba wachezaji wasongewe ugali warudipo, maana hauli kuni nyingi. Jibu bado, na Jumamosi timu inasafiri.