Gari Halikujengwa Kuzuia Mvua

Kazi yangu ya ufundi imekuwa ya kupanda na kushuka kati ya Same mjini na Vudee, kule mlimani, na katika kazi hiyo hakuna ubovu unaodharauliwa kama maji ya mvua yaliyojificha ndani ya gari la familia. Injini ikigonga, mwenye gari hakai raha. Kapeti likiloa, anafungua milango juani na kusubiri. Juu ya maji haya nimefikia msimamo mmoja, ambao mafundi kadhaa ninaowaheshimu hawaukubali: gari halikujengwa kuzuia mvua, limejengwa kuipokea na kuitoa. Anayehangaika kutafuta tundu la kuziba mara nyingi amekosea kazi tangu asubuhi, kwa sababu kinachohitajika ni tundu la kuzibua.

Ushahidi uko kwenye bodi yenyewe. Tuchukue Noah, gari ambalo familia nyingi wanalo, liwe la mtindo ulioanza kuundwa Japani mwaka 1996, lenye injini chini ya viti vya mbele, au lile lililofuata mwaka 2001, lenye injini mbele. Ukifungua jalada la ndani la mlango wa dereva utaona kwamba raba inayofuta kioo haibani vya kutosha kuzuia mvua, wala haikukusudiwa. Maji hushuka na kioo mpaka ndani ya mlango, kisha hutokea kwenye matundu madogo yaliyoachwa na kiwanda ukingoni chini. Kinachoyazuia yasigeukie kwa abiria ni karatasi ya nailoni iliyobandikwa kwa gundi nyeusi. Fundi redio akija kuweka spika kubwa anaichana, na hairudishi, maana spika inalia vilevile. Chini ya wipa nako kuna mfereji wa bati unaopokea maji yote ya kioo cha mbele na kuyamwaga pembeni, nyuma ya matairi. Gari likilala chini ya mgrevilea, majani huvunjikavunjika humo, yakachanganyika na vumbi jekundu la barabara ya mlimani, na mvua za kwanza za vuli zikishuka tope hilo huwa kizibo tayari. Zipo Noah zenye madirisha ya darini. Raba za madirisha hayo hupunguza maji tu, na yanayopenya hupokelewa na fremu yenye mfereji, kisha hushushwa kwa mipira myembamba iliyopita ndani ya nguzo za bodi. Hapa kwetu Upare jambo hili halihitaji darasa. Ndiva zetu, yaani mabwawa ya kumwagilia, hukusanya maji ya kijito usiku na kuyaachia mchana kwenda mashambani, na kazi kubwa ya kuzitunza ni kutoa tope na kuangalia mlango wa maji. Ndiva ikifurika, mwenye akili haanzi kwa kuinua ukuta.

Kinachowapoteza watu ni kuamini kwamba pale palipolowa ndipo palipovuja. Huku mlimani imani hiyo ni ya hatari zaidi, kwa sababu karibu kila gari linalala kwenye mteremko. Likielekeza pua bondeni, maji ya darini yote hukimbilia mipira miwili ya mbele. Mmoja ukiwa umeziba, yanafurika na kushuka kwenye dari hadi miguuni pa dereva. Gari hilohilo likigeuzwa pua juu, maji hukimbilia nyuma, na siku hiyo kinacholowa ni buti, au hakilowi kitu. Ndiyo maana gari huweza kumwagiwa maji kwenye gereji tambarare ya Same, likaonekana zima, kisha likavuja usiku wa kwanza Vudee. Simlaumu aliyelipima. Nasema tu kwamba kipimo kisichoiga mwinamo wa mahali gari linapolala hakijapima chochote, na jeki mbili chini ya bodi zinatosha kuuiga.

Mguuni pa abiria wa mbele, upande wa kushoto, kesi ni ngumu zaidi, maana washukiwa ni watatu. Mvua inaweza kuingia kupitia njia ya hewa ya feni pale mfereji wa wipa unapofurika. Mpira wa kutolea maji ya AC ukiziba, maji humwagika ndani bila tone la mvua. Hapo mwenye gari huwasha AC kwenye joto la Same, maji yanajikusanya kimyakimya, na gari likianza kuinama kwenye kona za mlima yanamwagika, naye anaapa kwamba mlimani ndiko kulikovuja. Wa tatu ni rejeta ndogo ya joto iliyo nyuma ya dashibodi, ambayo maji yake huwa na rangi na utelezi, na upungufu wake huonekana kwenye rejeta ya mbele. Kuwatenganisha hakutaki mashine, kunataka subira: kausha kila kitu, paka unga wa chaki kwenye bati, mwaga maji kwa mpira ukianzia chini na kupanda taratibu, huku mtu amekaa ndani na tochi. Ukianzia juu, umelowesha washukiwa wote kwa pamoja. Tatizo la gereji zetu ni mgawanyo wa kazi: fundi bodi anaangalia bati, fundi umeme waya, fundi AC AC yake, na maji yanapita katikati yao.

Najua majibu ninayopewa. Wapo wanaosema jua la Same linakausha kila kitu. Linakausha uso wa kapeti. Chini yake kuna felti na sponji zinazoshika maji kwa muda mrefu, na joto huyageuza mvuke unaobaki ndani ya gari; likipanda kwenye baridi ya Vudee, vioo vinafunga ukungu, na huko chini waya na soketi zinaendelea kuota kutu, zikiwemo za njano, ambazo ni za mifuko ya hewa. Wengine hutoboa sakafu ili maji yajitokee. Sakafu tayari ina vizibo vya mpira vinavyoweza kung'olewa. Tundu jipya ni bati lisilo na rangi, ambalo huanza kuota kutu mara moja na kuruhusu tope la barabarani kupanda. Hoja nzito ni ya tatu: magari yetu ni ya zamani, maungio ya dari yamepasuka, keria imefungwa kwa bolti, kioo cha mbele kimewahi kubadilishwa, kwa hiyo matundu halisi yapo. Nakubali, yapo, na hayo huzibwa. Ninachokataa ni kuanza nayo. Kuzibua ni kazi nyepesi isiyoharibu kitu, wakati silikoni iliyopakwa ovyo inaweza kuziba hata njia za kutokea, na ile yenye harufu ya siki hutoa asidi inayochochea kutu kwenye bati lililo wazi.

Linabaki suala la malipo, na hapa mteja ana hoja kuliko fundi. Anaona viti vimeng'olewa, kapeti limeanikwa, siku imekwisha, na hakuna spea iliyonunuliwa, alipe nini? Silikoni angalau inaonekana. Ndiyo sababu mafundi wengi huendelea kuipaka hata wanapojua haisaidii. Mimi hutenganisha bei mbili kabla ya kugusa spana: ya kutafuta, inayolipwa hata kama kilichopatikana ni ngumi moja ya majani, na ya kutengeneza, inayojadiliwa baada ya kuona. Wapo wanaokataa ile ya kwanza na kuondoka na gari lao, na sijaishusha kwa ajili hiyo.