Machozi ya Mchezo



Hapa Singida mjini, kama ilivyo huko kwenu pwani, vibanda vya gemu vimejaa vijana. Wazazi hunijia na lalamiko moja: "Sheikh, mtoto analilia picha za kwenye televisheni! Hayo nayo ni machozi?"

Jibu langu ni kuwa ni machozi ya haki. Sisi tuliokulia huku bara tulihadithiwa usiku kando ya moto. Yatima wa hadithi akinyimwa chakula na mama wa kambo, tulilia naye, wala hakuna aliyeuliza yatima huyo anakaa kijiji gani. Yatima hakuwapo, huzuni ilikuwapo. Na gemu ina jambo lisilokuwamo katika hadithi: msikilizaji hana la kufanya, bali mchezaji ndiye atendaye. Mambo yakiharibika husema, "Nimemponza mimi." Ndiyo maana moyo wake hushikwa zaidi.

Itazame habari ya Lual Mayen. Wazazi wake walikimbia vita vya Sudan, naye akakulia katika kambi ya wakimbizi kaskazini mwa Uganda. Mama yake alidunduliza miaka mitatu hata akapata dola 300 za kumnunulia kompyuta, na kijana akawa anatembea saa tatu kwenda kuichaji. Akajifundisha mwenyewe, akatengeneza mchezo akauita Salaam. Ndani yake mchezaji humwongoza mtu anayekimbia vita, na asipompatia maji, chakula na dawa, humpoteza. Mwaka 2018 Mayen alitunukiwa huko Marekani. Kusudi lake lilikuwa kwamba fedha anayotoa mchezaji kununua chakula cha mchezoni iwafikie wakimbizi wenyewe makambini.

Hapo ndipo penye mizani, ndugu yangu. Hasira ya kufungwa mabao kwenye PlayStation nayo ni ya kweli, lakini huishia katika kutupa pedi na kumtukana mwenzio. Huruma hutafuta kazi ya mkono. Kijana akimlilia mkimbizi wa kwenye kioo, kisha akampita njiani bibi kizee aliyelemewa na ndoo ya maji, machozi yake hayakuwa ya uwongo. Yamepotea tu, kama mvua inyeshayo juu ya miamba yetu ya Singida.

Sisemi habari ya kuacha sala wala ya kamari. Hukumu ya hayo inajulikana. Nasema msiwadhihaki watoto kwa kulia. Lau gemu isingekuwa na nguvu juu ya moyo, tungeiacha kama kayamba la mtoto mchanga. Kwa kuwa inayo, ni wajibu wetu kujua inamfundisha mtoto kumhurumia nani, na kushangilia kifo cha nani. Keti naye siku moja, umwulize kwa upole: "Mwanangu, umemlilia nani?" Akikujibu, mpe bakuli la uji alipeleke kwa jirani aliye mgonjwa.

Wabillahi Taufiq.