Ukienda Magadi kwa Pikipiki, Ilinde Pua Yake

Tahadhari kabla ya hatari. Methali hii, msomaji mpendwa, ikae kichwani mwako iwapo wewe ni miongoni mwa wale wanaolikimbia jiji la Nairobi siku ya mapumziko kwa pikipiki za njia mbovu, kwenda kujionea Magadi.

Safari yenyewe ni tamu. Ukishaipita Kiserian, barabara huanza kukuteremsha kwenye Bonde la Ufa, zaidi ya mita 1,000, na baridi ya mjini ukaiacha nyuma. Utapita Olorgesailie, ambako Mary na Louis Leakey walichimbua mashoka ya mawe katika miaka ya 1940. Baada ya zaidi ya kilomita 100, Ziwa Magadi litakutokea, jeupe kama lililomwagiwa chumvi.

Lami hukufikisha mjini Magadi. Ng'ambo ya ziwa, kuelekea Nguruman na Shompole, ndiko pikipiki hupimwa. Wakati wa kiangazi, vumbi huko ni laini kama unga. Mvua ikinyesha, vumbi hilo hugeuka tope, na makorongo yaliyokuwa makavu asubuhi yanaweza kujaa maji jioni.

Ujue kwamba injini hupumua kama wewe na mimi. Pua yake, kwa pikipiki nyingi za aina hii, imo ndani ya kisanduku chini ya kiti, na huchujiwa hewa na sponji ambayo mafundi wetu huiita ea klina. Vumbi likipenya, pistoni husagika polepole. Maji yakipenya, hasara ni ya papo hapo. Hewa hushindilika lakini maji hayashindiliki, hivyo pistoni ikiyagonga, chuma kinachoishikilia hupinda au kuvunjika.

Kabla hujaondoka nyumbani, ioshe sponji kwa maji ya vuguvugu na sabuni. Usitumie petroli, kwani inaweza kuwaka moto na huyeyusha gundi. Ikamue kwa kuifinya bila kuisokota, uianike kivulini, kisha uipake oili yake maalumu inayonata. Ukingoni paka grisi ili maji yasipate mwanya. Tazama pia kile kipande cha mpira kilicho kati ya gurudumu la nyuma na kisanduku. Kikikosekana, gurudumu litarusha tope lote huko.

Wako wanaodhani dawa ni kuiziba pua kwa matambara. Hilo ni kosa! Injini ikinyimwa hewa itakohoa na kuzimika katikati ya maji.

Ukifika korongoni, shuka. Pima kina kwa fimbo, na umuulize mwenyeji, maana mchungaji wa huko anayajua maji yake. Yakikaribia kiti, au yakienda kasi, rudi au usubiri. Usidanganywe na anga lisilo na wingu, kwa sababu mvua iliyonyesha milimani yaweza kukufikia ikiwa mafuriko. Pikipiki hununuliwa nyingine, uhai haununuliwi.

Yakiwa machache, pita taratibu kwa mwendo usiobadilika, bila kuyarusha. Ukishavuka, fungua kijimpira cha kutolea maji chini ya kisanduku.

Ikianguka majini, zima injini mara moja, na usijaribu kuiwasha. Iburute hadi pakavu, toa plagi, kausha kisanduku na sponji, umwage maji yaliyoingia kwenye kabureta. Piga kiki mara kadhaa plagi ikiwa nje, huku ukikaa kando, ili maji yatoke. Oili ikigeuka rangi kama chai ya maziwa, maji yameingia ndani, nayo haina budi kubadilishwa kabla ya kuwasha.

Hatari haiishii Nguruman. Wengi huvuka makorongo salama, kisha wakaiharibu pikipiki Jumatatu kwa kuielekezea mashine ya kuoshea magari chini ya kiti. Unapoosha, injini ikiwa imezimwa, funika tundu hilo kwa kipande cha tyubu kuukuu, na usisahau kukiondoa kabla ya kuwasha.

Nenda basi, msomaji, ukaone ndege aina ya heroe wakitembea majini. Wao wameumbiwa kuingiza pua humo. Pikipiki yako haikuundiwa hivyo.