Pikipiki ya watu wawili



Kila asubuhi hapa Kolwezi, Manika kama Dilala, tunaona pikipiki zikipita na watoto wa masomo: mmoja mbele juu ya tanki ya esansi, watatu nyuma ya taximani. Sisi wenyewe tulifanya hivyo. Tulilipa safari moja kwa watoto wanne, na franka zilizobaki tuliziingiza katika likelemba.

Siku moja ya mvua, kwenye mteremko, taximani alikamata freni lakini pikipiki haikusimama. Iliingia katika mfereji. Mtoto wa mmoja wetu alivunjika mkono. Taximani hakuwa amelewa, wala hakukimbia sana. Mzigo tulimpakia sisi.

Tangu siku ile tulitaka kujua pikipiki hizi zimeundwa namna gani. Mwaka 1958, huko Japani, Honda ilitoa Super Cub, pikipiki ndogo ya motere ya sentimita 49 za ujazo, ili mtu wa kawaida aende kazini bila gharama kubwa. Kufika 2017, zilikuwa zimeundwa milioni 100. Bajaj na TVS tunazopanda hapa zinatoka India. Motere zao ni kubwa zaidi, lakini wazo ni lile lile.

Ndani mna silinda moja. Inavuta hewa na esansi, inavibana, inavichoma, inatoa moshi: hatua nne. Haihitaji maji ya kuipoza. Upepo wa barabarani unapita kwenye mapezi ya chuma na kuondoa moto. Vyombo ni vichache, ndiyo maana fundi wa mtaani anaitengeneza chini ya mwembe, na esansi kidogo inaenda mbali.

Lakini unafuu huo unatokana na wepesi. Freni ya nyuma, kwa nyingi kati yake, ni viatu viwili vidogo vinavyosukuma ukuta wa ngoma ndani ya gurudumu. Kiti na freni vilipimwa kwa dereva na mtu mmoja nyuma. Uzito ukiongezeka mara mbili, kazi ya freni inaongezeka mara mbili. Mwendo ukiongezeka mara mbili, kazi hiyo inakuwa mara nne. Na mtoto aliyekaa juu ya tanki anamzuia taximani kukata usukani.

Katika kikundi chetu tumekubaliana: pikipiki moja, mtoto mmoja, na kaske kichwani. Wale wakubwa wanatembea kwa miguu pamoja na mama wa zamu. Gharama imepanda, na mwezi huu likelemba imechelewa. Jirani mmoja anasema tunajifanya matajiri. Tulimwita aje aone mkono wa yule mtoto. Alipoondoka, aliuliza zamu yake ni siku gani.

Zamu ya Alhamisi bado haina mtu. Mama mwenye nafasi atuambie.